Hii tabia ya kumruka Rivaldo mkitaja mafundi wa soka wa Brazil imenichosha

Wakuu leo nina hasira na sifichi. Kila mkianza kutaja mafundi wa Brazil ni Ronaldo, Ronaldinho, Kaka, Neymar, basi, mtu kafunga orodha. Rivaldo mmemtupa wapi?? Juzi kijiweni dogo mmoja ananiambia eti Rivaldo si ndo yule aliyejiangusha na Waturuki. Yaani kazi yote ile mtu anakumbuka sekunde kumi tu!

Ndio, alikosea. Kombe la Dunia 2002 mpira ulimgonga mguuni yeye akashika uso, Hakan Ünsal akala nyekundu, FIFA wakampiga Rivaldo faini. Kwa hilo simtetei. Ila hilo kombe mlilitazama kweli au mmeona vipande tu? Jamaa alifunga mechi tano za kwanza mfululizo, Uturuki, China, Costa Rica, Ubelgiji, Uingereza. Lile la Ubelgiji kalipa goli mgongo, kautuliza mpira kifuani, kageuka nao kaupiga kabla haujagusa chini, na Wabelgiji siku ile walikuwa wamewabana Brazil vibaya mno. Mechi ya Uingereza kila mtu anasimulia faulo ya Ronaldinho iliyompita kipa wao Seaman, sasa bao la kusawazisha kabla ya mapumziko alifunga nani?

Fainali na Ujerumani ndo inaniuma zaidi. Bao la kwanza ni shuti la Rivaldo, kipa wao Kahn akautema, Ronaldo akamalizia. La pili Kleberson katoa pasi, Rivaldo kajifanya anaupiga halafu kaupisha, beki kaingia mkenge, Ronaldo kabaki na nafasi yake anachagua kona. Halafu mchezaji bora wa mashindano wakampa Kahn, wa pili Ronaldo, wa tatu Hong Myung-bo wa Korea Kusini. Mtu ana bao 5 hayumo hata tatu bora! Dhuluma tupu.

Na huyu ni mtu aliyechukua Ballon d'Or 1999, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, tena akiwa anavutana na kocha Van Gaal pale Barcelona kwa sababu kocha anamtaka winga ya kushoto na yeye anajua kabisa mahali pake ni katikati nyuma ya straika, akasema wazi akawekwa benchi.

Mnaomcheka miguu yake iliyopinda mjue huyo kakulia kwenye umaskini Recife, njaa ya utotoni ikamwachia mwili dhaifu na meno yaliyoharibika, baba yake akafa kwa ajali ya barabarani 1989 dogo ndo kwanza anaanza mpira. Kwa miguu hiyohiyo kafunga bao 8 za Kombe la Dunia, 3 mwaka 1998 na 5 mwaka 2002.

Anayetaka kubisha akatafute kwanza mechi ya Barcelona na Valencia, tarehe 17 Juni 2001, mechi ya mwisho ya ligi, Barca bila ushindi hawaendi Ligi ya Mabingwa. Rivaldo kapiga faulo, goli. Valencia wakarudisha. Shuti la mbali, goli. Wakarudisha tena. Zimebaki dakika chache mpira uishe, Frank de Boer kamrushia mpira nje kidogo ya boksi, kautuliza kifuani, kapiga tikitaka, kipa Cañizares karuka bure, 3-2. Zote tatu za Rivaldo. Itazameni yote ndo mje hapa mniambie habari za kujiangusha.