Fotoresisti: filamu, ya kupuliza, au bodi iliyopakwa tayari?

fundi_shaba: Wakuu, bodi zangu za saketi nazitengeneza nyumbani kwa pasi na karatasi iliyochapwa kwa leza. Njia za milimita 0.2 zinakatika kila mara. Nataka kuhamia fotoresisti, yaani utando unaobadilika ukipigwa mwanga na kuikinga shaba ya njia isiliwe na dawa. Nianze na ipi?

Solda60: Filamu, mkuu. Unene wake ni uleule bodi nzima, kopo la kupuliza halikupi hilo. Ina ngozi mbili za plastiki. Ya ndani inasumbua kubandua: gandisha selotepu pande zote mbili za kona, kisha zivute ziachane.

mama_saketi: Mimi nilianza na ya kupuliza. Chembe moja ya vumbi ikitua, hapo pana tundu. Ukizidisha, inajikusanya ukingoni. Halafu uikaushe gizani, nyuzi 70 hivi, robo saa au zaidi. Ukiharakisha, juu inakauka na chini inabaki mbichi. Bodi iliyopakwa tayari ni nzuri sana, ila angalia tarehe ya kuisha muda.

fundi_shaba: Nimejaribu filamu. Viputo kila mahali!

Solda60: Umebandika kavu. Sugua shaba kwa sponji na sabuni ya unga, suuza, inamisha bodi. Maji yakitanda bila kukatika, ni safi. Yakijikunja matone, bado pana mafuta. Iache na maji, laza filamu juu, yakamue kwa kadi kutoka katikati kwenda nje. Hapo ndipo uipitishe kwenye mashine ya laminesheni, mara tatu au nne. Taa iwe ya njano.

mwanga405: Naongeza jambo linalowaumiza wengi. Filamu ni hasi: panapopigwa mwanga ndipo panapobaki, kwa hiyo mchoro uchapwe kinyume, njia ziwe wazi. Bandua ngozi ya juu kabla ya kuosha. Osha kwa sodiamu kaboneti, gramu 10 kwa lita. Ya kupuliza iliyo chanya, yaani panapopigwa mwanga ndipo panapotoka, huoshwa kwa kostiki soda, gramu 7 hivi kwa lita. Msichanganye, kwani kostiki ndiyo inayoing'oa filamu yote mwishoni. Na vaeni glavu na miwani, tafadhali, kostiki inapofusha.

fundi_shaba: Nimerudi. Njia zote za 0.2 zimebaki, nimezikagua kwa lenzi moja moja. Isipokuwa kona moja filamu imeinuka, na alama ya kidole changu inaonekana kwenye shaba.

Solda60: Kesho shika kwa kingo.