Wimbo wangu wa mapenzi wanaucheza, ila asubuhi hakuna anayeukumbuka. Umepungukiwa nini?

Mpiga kinanda, Makorora

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Napiga kinanda kwenye maharusi hapa Tanga mjini, huu mwaka wa saba. Mwezi uliopita nimetoa wimbo wangu mwenyewe wa mapenzi. Jumamosi tukaupiga harusini Chumbageni, watu wakacheza mpaka viatu vikavuliwa. Jumapili asubuhi nikarudi kuchukua spika, nikawakuta kina mama wanasugua masufuria ya pilau huku wanaimba. Nikasimama nisikilize. Kumbe ni taarabu ya zamani, ya enzi za mama zao. Wangu hakuna aliyekumbuka hata mstari. Kiitikio chake hiki:

Nakupenda nakupenda, mpenzi wewe ni wangu,
Nakupenda nakupenda, wewe ndiye moyo wangu.

Jina la binti nimelitaja mara sita. Kila ninachohisi nimekisema, sikuficha kitu. Naomba mnieleze: wimbo wa mapenzi unaodumu una nini ambacho wangu hauna?

Fundi mitambo, Ngamiani

Kaka, nimeusikiliza. Kinanda cha mwanzo peke yake kinakaribia dakika nzima. Anayekusikiliza kwenye simu ndani ya bajaji ameshashuka. Halafu ubeti na kiitikio umeviimba juu vyote. Ubeti uimbe chini, karibu na kuongea, kiitikio ndipo upande. Sikio likitoka bondeni ndipo linapojua kuwa limefika mlimani.

Dereva wa machungwa

Fundi kasema kweli, ila si hilo tu. Mimi napeleka machungwa ya Muheza Dar. Kuna wimbo niliuimba tangu mdogo nikidhani mwimbaji analilia ndege wake aliyetoroka tunduni. Nikaja kuachwa nikiwa na miaka 29. Usiku mmoja nimeipita Segera, redio ikaupiga. Nikaegesha gari pembeni. Hapakuwa na ndege mle.

Mwitikiaji wa zamani, Barabara ya 9

Marahaba mwanangu. Niliitikia kwenye kikundi cha taarabu hapa Ngamiani tangu sijaolewa mpaka nikapata wajukuu, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Mizani yako imetimia, nimehesabu kwa vidole, silabi nane kwa nane. Kina umekirudia neno lile lile, "wangu" kwa "wangu", na huo ni uvivu, lakini si hapo ulipokwama. Umekwama pale uliposema hukuficha kitu.

Ukumbini kwetu mwanamke anainuka kitini na noti mkononi, anakuja mdogo mdogo, mabega yanacheza, anamtunza mwimbaji katikati ya ubeti. Watu wote macho kwake: kainukia ubeti upi? Akiinukia ule wa kuachwa, imejulikana. Akiinukia ule wa jirani mchokozi, na jirani naye yumo ukumbini, basi subiri ubeti unaofuata uone atakayeinuka. Mwimbaji hajamtaja mtu. Wimbo ni wa huyu, baada ya dakika mbili ni wa yule. Wako una mwenyewe tayari, umemtaja mara sita. Mwingine ainuke kufanya nini? Ndiyo maana huyo dereva aliegesha gari: mtunzi alimwachia nafasi, akaja kuikalia miaka mingi baadaye. Fumbo lina kazi hiyo, mwanangu. Vijana mnalidhani ni urembo wa wazee.

Na hili Tanga tunaweza kulisimulia kwa kifua mbele. Unguja walikuwa na vikundi vikubwa, fidla nyingi, ganuni, udi. Black Star wa hapa kwetu wakaja na vyombo vichache, gitaa na besi vikiwemo, sauti ya mwimbaji ikasogea mbele. Marehemu Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani, alipitia humo. Msikilize alivyokuwa hana haraka. Kila neno linakufikia, hata uwe jikoni na samaki wanalia kwenye mafuta. Wewe kinanda chako kinakimbizana na maneno, na kinashinda.

Kingine ni mkazo. Kiswahili chetu kwa kawaida kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Taja barabara wanayopita magari, kisha sema kazi imefanyika barabara: herufi hazikubadilika, mkazo umehama na maana imehama nayo. "Nakupenda" yako umeivuta kwenye "na". Sikio linangoja "pe", wewe bado uko mlangoni. Vuta "pe" hiyo uone neno litakavyofunguka.

Kaandike upya. Usiseme unapenda. Nipe kitu kimoja tu cha huyo binti, ukionacho au ukisikiacho wewe, ambacho mwenzako akikutana nacho hashtuki.

Mpiga kinanda, Makorora

Mama, siku mbili nimelala na maneno yako. Binti ana baiskeli, kengele yake imelegea, akiipiga mara moja inalia mara mbili. Hupita dirishani kwetu akitoka sokoni. Wiki hii hajapita. Nimeandika hivi, jina nimelitoa:

Kengele yako najua, hata upite usiku,
Dirisha nalifungua, nisikie kila siku,
Na mvua ikipungua, sikio lina shauku,
Mbona leo wapitia njia ya nyuma ya soko?

Fundi mitambo, Ngamiani

Njoo studio. Tuanze na kengele hiyo hiyo, mlio wa kweli, kinanda kifuate.

Dereva wa machungwa

Mstari wa mwisho nauinukia mimi. Noti ya elfu kumi iko mfukoni.

Mwitikiaji wa zamani, Barabara ya 9

Hiyo "na" ya mstari wa tatu itoe, imefanya mizani kuwa tisa na utalazimika kukimbia. Anza na "mvua" moja kwa moja. Kituo, mstari wako wa mwisho, usikipandishe, hata fundi akikwambia. Ukifika "soko" teremka, kama mtu aliyeuliza huku anajua atakachojibiwa.

Nimekisoma kwa sauti asubuhi hii nikikuna nazi. Binti yangu akaacha kufagia, akauliza, "Mama, nani huyo anapita nyuma ya soko?" Sikumjibu, naye hakuuliza tena, ila nimemsikia uani anakirudia.

Alhamisi baada ya alasiri nipo nyumbani. Njoo na kinanda.