Kigae, kiatu au kristali: tuchukue mradi upi wa piezo?

Kidato3_Kigoma
Shikamooni. Tuko watatu, Kidato cha Tatu hapa Kigoma mjini, maonyesho ya sayansi ya shule yamebaki wiki sita. Tumekubaliana tufanye piezo, yaani umeme unaotoka kitu kikibanwa. Tumegawanyika: kigae cha kukanyaga kinachowasha taa, kiatu cha kuchaji simu, au kuotesha wenyewe kristali ya chumvi ya Rochelle, ambayo nayo ikibanwa hutoa umeme. Mwenzetu mmoja kang'ang'ania kiatu.

FundiRedio_Ujiji
Marahaba wanangu. Kiatu achaneni nacho. Nilimtengenezea mwanangu, visahani viwili vya piezo, vile vyembamba vinavyolia ndani ya saa za kengele, vya milimita 27, chini ya soli. Kufika jioni kimoja kimepasuka, kingine waya umeng'oka. Na simu isingechaji hata vingepona. Kapasita, yaani kifaa cha kutunzia umeme kwa muda, ya mikrofaradi 100 ikijaa volti 3 inabeba jouli 0.00045. Betri ya simu ya kitochi ya mAh 1000 inabeba kama jouli 13,000. Mngeijaza hiyo kapasita karibu mara milioni 30!

Binti_Ipuli
Sisi Tabora tulifanya kigae. Visahani tulivitoa kwenye saa mbovu za kengele na kadi zinazoimba. Kosa letu la kwanza lilitugharimu wiki nzima: tuliviunganisha vyote pamoja moja kwa moja. Kisahani ukikibana umeme unakwenda huku, ukikiachia unarudi kule, kwa hiyo vikawa vinafutana. Kila kimoja kipeni dayodi zake nne, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, ndipo vyote viingie kwenye kapasita. Chini tandikeni kipande cha malapa yaliyochakaa visivunjike. Taa ndogo ya LED iwe nyekundu, inaridhika na volti 2 hivi. Nyeupe inataka karibu 3.

Mwl_Fizikia
Kristali nayo msiidharau. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walipoonyesha piezo mwaka 1880, chumvi ya Rochelle ilikuwamo pamoja na jiwe la kwatzi. Ila haipendi unyevu wala joto, na kuipata kubwa kunataka subira ambayo wiki sita hazina.

Nami nasema kigae, lakini badilisheni swali. Taa kuwaka kila mtu ameshaona. Ulizeni umeme unategemea nini. Angusheni mfuko uleule wa mchanga kutoka sentimita 5, 10, 15, kila urefu mara kumi, msome volti za kapasita kwa mita ya kupimia volti, mchore grafu. Kisha mwenzenu asimame juu ya kigae bila kutikisika. Hakitatoa kitu, maana umeme huzaliwa mgandamizo unapobadilika. Hapo ndipo majaji watawauliza, na jibu mtakuwa nalo.

Kidato3_Kigoma
Asanteni sana. Wa kiatu amekubali, yeye ndiye atakayechora grafu. Jumamosi tunapita kwa mafundi wa Mwanga kuomba saa mbovu. Fundi, ile sehemu nyeupe ya kisahani tuilehemu vipi isibanduke?

FundiRedio_Ujiji
Waya mwembamba, ncha ya chuma cha kulehemu iwe imeshika moto vizuri, gusa sekunde moja, toa. Leteni viwili vya kujifunzia, viungueni hivyo kwanza.