Naomba ushauri: filamu yangu kuhusu mwanamke anayejiuza iishe vipi?

Kamera_ya_Mkopo: Wakuu, habari za jioni. Ninatengeneza filamu fupi ya dakika 20 kuhusu mwanamke anayejiuza chumbani kwake, na kikundi chetu cha wanawake watano kimegawanyika juu ya mwisho wake. Ni mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, na wageni wake huja alasiri mtoto akiwa shuleni. Mimi nataka amuue mteja, kama mwongozaji wa Ubelgiji Chantal Akerman alivyomaliza filamu yake ya mwaka 1975, Jeanne Dielman, ambamo mama wa Brussels anapika, anamenya viazi, anapokea mwanamume mmoja kila alasiri, na siku ya tatu anamchoma mmoja wao kwa mkasi. Wenzangu wanaogopa kwamba mtazamaji ataondoka na picha ya muuaji tu. Sipati usingizi.

Mzee_wa_Kibaraza: Binti yangu, filamu hiyo ina saa 3 na dakika 21. Nilisinzia viazi vikiwa jikoni, nikaamka viazi vikiwa jikoni. Ushauri wangu ni kwamba mwanamke wako atubu, arudi kijijini kwao.

Bi_Tiketi: Mzee, kutubu ndiko kulikotuchosha, kwa kuwa sinema imezoea kumwua mwanamke huyu au kumtafutia mwanamume wa kumwokoa. Akerman alivipa viazi na mteja uzito uleule, na kwa siku mbili mlango wa chumba ukabaki umefungwa, hata tukaiona kazi badala ya uchi. Naye mwongozaji Lizzie Borden, katika filamu yake Working Girls ya 1986, alituweka siku nzima ndani ya danguro la Manhattan, New York, tukaona taulo, simu zisizokoma, hesabu ya pesa na bosi mwanamke anayewanyonya wanawake wenzake. Mhusika wake mkuu, Molly, hamuui mtu, bali anachoshwa na zamu ya pili aliyobebeshwa, anaacha kazi. Sasa niambie, huyu wako ni nani?

Kamera_ya_Mkopo: Ni mhusika wa kubuni.

Bi_Tiketi: Wa kubuni kabisa?

Kamera_ya_Mkopo: Nimemchota kidogo kwa mpangaji mwenzangu. Kusema kweli, maneno mengi ni yake: alinisimulia usiku mmoja umeme ulipokatika, nami nikamrekodi kwa simu bila yeye kujua. Lakini jina nimebadilisha, mkoa nimebadilisha, na tukio la mkasi tulikwisha kulipiga picha Jumamosi, kwa hiyo kulifuta ni hasara.

Bi_Tiketi: Basi huombi ushauri, unaomba baraka. Mwaka huohuo wa 1975, wanawake waliokuwa wakijiuza mjini Lyon, Ufaransa, walilikalia kanisa la Saint-Nizier kupinga faini na manyanyaso ya polisi. Mtengeneza filamu Carole Roussopoulos aliingia na kamera ya video, wakazungumza wenyewe, na wapita njia wakawasikiliza kupitia televisheni zilizowekwa nje. Wale walijua kamera iko wapi.

Fundi_Bomba: Ndugu zangu, mnanyweshwa chai. Mjane, mtoto mmoja wa kiume, wageni wa alasiri: huyo ni Jeanne Dielman aliyepandishwa daladala. Mpangaji hayupo, na huenda hata filamu haipo.

Mzee_wa_Kibaraza: Nami nilishangaa. Nyumba yetu ya kupanga ilikuwa na vyumba vinane, na hakuna siri iliyofika asubuhi.

Kamera_ya_Mkopo: Si chai. Ujane niliuongeza mimi, na mtoto wake ni wa kike. Mkasi pia ni wangu. Yeye mteja akishaondoka huoga, humtumia mama yake pesa kwa simu, kisha hufagia korido ikiwa ni Alhamisi, kwa sababu ndiyo zamu yake. Hayo niliyaacha nikiona hayana uzito.

Bi_Tiketi: Kesho ni Alhamisi. Mfuate koridoni, umsikilizishe sauti yake.

Kamera_ya_Mkopo: Akisikia ataukataa mkasi, na bila mkasi sina filamu.