Jumapili naongoza sifa, Jumatatu navuta kitambaa dukani. Nifanyeje?

binti_wa_kwaya
Wapendwa habari za jioni, poleni na foleni. Naomba msinitukane sana, nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha.

Nauza kwenye duka la vitambaa Kariakoo, huu mwaka wa tatu. Vitambaa vya gauni na mapazia, tunakata kwa mita. Nilivyoanza boss alinifundisha kupima na sio kupima kule mlikofundishwa shule. Unalaza kitambaa kwenye ile mita ya chuma ya mezani, dole gumba unakandamiza pale mwanzo, mkono wa pili unavuta kidogoo huku unamuuliza mteja habari za watoto. Kitambaa kinachovutika ukishakikata kinarudi, kwaiyo kila mita mteja anaondoka na pungufu ya sentimita nne hivi. Roli likiisha kuna mita za ziada ambazo kwenye daftari zilishauzwa na boss hizo anaziita "baraka". Sitanii.

Sasa Jumapili mimi ndo nashika maiki ibada ya kwanza. Na siigizi jamani, haki ya Mungu nikiimba nalia kweli. Nilikuwa nimejipangia tu kichwani kwamba kazini ni kazini.

Mwezi wa tatu wamama wa usharika wetu wakaamua kushona sare, nikawaleta dukani kwetu mwenyewe, nikawaombea na punguzo, 9,000 kwa mita. Wamama 26, kila mmoja kakatiwa kipande chake mita tatu na nusu. Nikakata wote mimi. Na mkono ukavuta kama kawaida, sikuwaza hata, mkono umeshazoea.

Wamepeleka kwa fundi ambaye nae ni muumini wetu. Gauni zimetoka fupi, zingine mikono imebana. Fundi akasema kitambaa hakikutosha, wamama wakasema mita tatu na nusu haitoshi vipi, huyu katunyofolea akashonee watoto wake. Hela ya kumalizia hawajampa. Yule baba hajaja ibadani wiki ya tano leo na pale anapokaa siku zote pako wazi, mimi nasimama mbele na maiki napaona.

Jumapili iliyopita sauti imegoma kabisa katikati ya wimbo, watu wakadhani nimeguswa na Roho wakaanza kupiga vigelegele. Niache kwaya? Niache kazi? Au hii dhambi ni ya boss maana mimi natumwa tu?

Chuma_Ulete_255
Dada wewe sio kiongozi wa sifa ni kiongozi wa mita 😂😂 samahani lakini

mzee_wa_fremu
Wengi mtakaokuja kumhukumu hapa hamjawahi kulipa pango la fremu Kariakoo. Mpendwa ngoja nikupe hesabu. Ukipima sawasawa bila kuvuta, ile 9,000 yako inatakiwa iwe kama 9,400 ndo upate kile kile. Jirani yako anavuta na anauza 9,000. Mteja wa Kariakoo hanunui mita, ananunua bei, atakuacha hapo na uaminifu wako. Hapo bado winga, yaani dalali aliyemleta, anasubiri cha juu chake, bado kodi. Sisemi ni sawa, nasema mfumo mzima umekaa hivo na binti wa kuajiriwa hawezi kuubadilisha. Hiyo iko juu ya mwenye duka, wewe fanya kazi, omba toba, imba. Ukiacha hiyo kazi kesho wanaweka mwingine mwenye dole gumba.

Mama_Pendo
Mzee wa fremu hesabu zako nimezielewa ila dole gumba ni la nani? La boss?

Mwanangu binti wa kwaya, mimi nimekaa kwaya miaka mingi kuliko umri wako nadhani, naomba nisikilize. Kuacha kwaya ni rahisi, kesho tu unaandika meseji kwa mwalimu wa kwaya umemaliza, watasema unapumzika, na fundi ataendelea kuwa mwizi. Kitu kingine utakachoshauriwa ni kwenda kutoa ushuhuda mbele. USIENDE. Sio sasa hivi. Utasimama pale, utalia, watu watakupigia makofi, mchungaji atakuwekea mikono, utashuka wewe umepona na yule baba hata hakuwepo ibadani kusikia.

Yesu kwenye Mathayo 5 anamsemea mtu ambaye keshafika na sadaka yake mpaka madhabahuni, anaambiwa aiache pale pale aende kwanza akapatane na ndugu yake. Na angalia vizuri, sio kwamba yeye ndo ana kinyongo na ndugu, ni ndugu ndo ana neno juu yake. Ndo wewe na fundi. Kuimba kutangoja.

Alafu hesabu na mimi najua. Wamama 26 mara mita tatu na nusu ni mita 91. Senti nne kila mita ni mita 3 na senti 64, yaani umekata gauni zima la mtu na ushee. Kwa 9,000 ni 32,760. Torati ile ya Walawi 6 inasema urudishe ulichodhulumu na moja ya tano juu yake, inakuja 39,312. Zakayo yule mtoza ushuru yeye alitaja mara nne, ambayo kwenye Kutoka 22 ndo malipo ya aliyeiba kondoo, maana yake alijiita mwizi kabla hawajamuita wao. Ukipiga mara nne ni 131,040. Sikwambii ulipe ipi. Ila jina la fundi halimo kwenye hesabu zote hizo na ndo deni kubwa.

abuu_magomeni
Mi Muislamu napita tu, ila hili suala limenigusa. Kwetu kuna sura nzima, ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza na ole kwa wanaopunja, wakijipimia wanajaza wakiwapimia watu wanapunguza. Marehemu babu alikuwa anauza mchele Magomeni, akishapima kilo yake anaongeza na konzi juu, anasema hii ya mkono uliokosea bila kujua. Hakuwa tajiri ila dukani kwake watoto tulikuwa tunatumwa peke yetu.

Chuma_Ulete_255
Mama Pendo umetisha. Nafuta utani wangu.

mzee_wa_fremu
Sawa nimekubali kuhusu fundi. Lakini dada jiandae kisaikolojia, boss akijua umesema unaondoka siku hiyo hiyo bila hata nauli. Tafuta pa kushika kwanza ndo uongee.

binti_wa_kwaya
Narudi na mrejesho, samahani nilipotea.

Jumamosi nilienda kwa fundi. Nilipanda daladala nikashuka kituo kimoja kabla maana miguu ilikuwa inatetemeka, nikatembea. Nimemkuta anashona yunifomu za shule, hakuzima cherehani, nikawa naongea huku mashine inapiga kelele, pengine ilikuwa afadhali.

Nilivyomaliza akafungua droo akatoa daftari. Jamani. Kila kipande alichopokea alikuwa amekipima siku ile ile na kuandika, jina la mama na urefu. 3.35, 3.38, 3.36, wote 26. Nikamuuliza mbona hukuwaonyesha? Akasema hakuna aliyeniuliza dada, walikuja wameshaamua.

Hajasema amenisamehe. Kasema Alhamisi kwenye kikao cha wamama twende wote. Nimemwambia mwalimu wa kwaya maiki ampe mtu mwingine kwa sasa, hajaniuliza sababu.

Dukani nimeanza kukata bila kuvuta. Leo boss kapima roli lililobaki mara mbili, kaniangalia, hajasema kitu. Hiyo 39,312 ninayo, nyingine nitakopa.