Sona inayoona samaki chini ya barafu: tufundishane au tunyamaze?

Mkerewe wa Minnesota (mwanzisha mada)

Wadau, salaam. Nalileta hili hapa kwa sababu Jumamosi limetugombanisha.

Tulikuwa saba ziwani huku Minnesota, Marekani, tukivua kupitia matundu ya barafu: Watanzania, Wakenya na Mkongo mmoja, wengi wao ndiyo kwanza wanakanyaga barafu. Mimi huu ni msimu wangu wa tisa. Nikawatolea LiveScope ya Garmin, ile sona, mashine ya kuonea majini kwa mawimbi ya sauti, iliyoingia sokoni 2018. Kuna kidude kinafungwa kwenye fimbo, kinatumbukizwa tunduni, unakizungusha taratibu kama mtu anayekoroga uji. Upande unaokielekeza, kioo kinakuonyesha samaki wanavyotembea, papo hapo. Krapi, samaki wa ziwani tuliokuwa tunawatafuta, wanaonekana kama matonge yanayoelea. Kioo kikisema wako futi 40 upande wa msitu, unahesabu hatua, unatoboa kwa keekee ya betri, unashusha chambo cha tungsteni, metali nzito, kidogo kama punje ya choroko. Kisimamishe juu yao kidogo, maana krapi hula akitazama juu. Ukikipitisha chini yake umepoteza muda. Akianza kukifuata, nawe pandisha polepole.

Saa kumi na nusu jua likizama, kila mgeni ana samaki. Mzee mmoja wetu, aliyekaa kutwa na mshipi na boya lake akapata wawili, akasema mbele ya vijana wote: "Unawafundisha kumaliza ziwa." Akabeba ndoo yake akaondoka.

Sasa nauliza. Sisi tunaojua, tumfundishe kila anayetaka? Na hizi sona, jimbo lizipige marufuku? Mimi nasema tufundishe. Kuficha ujuzi ni uchoyo, na sheria ya Minnesota ishasema krapi 10 kwa mtu. Kumi ni kumi, uwe na sona, uwe na uzi wa kushonea.

Dada wa Kigoma

Kaka, mzee wako anajua anachosema. Kwetu dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea taa haivuti, mitumbwi inalala ufukweni, watu wanashona nyavu, dagaa wanapumua. Hakuna waziri aliyelipanga hilo, ni mwezi tu. Huko kwenu mapumziko ya samaki yalikuwa ni kutoonekana. Mtu anatoboa matundu ishirini, moja ndilo lina kitu, vidole vinakufa ganzi, anarudi nyumbani. Wewe umewanyang'anya mbalamwezi yao.

Halafu hiyo "kumi ni kumi" ni hesabu ya karatasini. Zamani wangapi walikuwa wanafikisha hiyo kumi? Wakifika wote, ziwa ni lile lile. Tanganyika upande wetu ilibidi ifungwe miezi mitatu mwaka 2024, 15 Mei mpaka 15 Agosti, na ungemuuliza mvuvi yeyote angekuapia kwamba anachochukua yeye ni kidogo.

Omena kwa Ugali

Mimi ni wa Homa Bay, sasa niko St. Cloud. Dada ameongea vizuri lakini ananiachia swali: mstari tunauchora wapi? Mimi natumia flasha ya mtumba, sona ya kizamani, ile ya duara yenye taa za rangi. Samaki akiingia karibu chini ya tundu unaona mstari unawaka, kwanza kijani, halafu nyekundu. Inaona chini tu, haioni pembeni. Leo hakuna anayekuita mwizi kwa kuwa nayo. Huyu Dave Genz wa hapa hapa Minnesota, aliyebuni lile hema la kukokota la Fish Trap miaka ya 1980, alijulikana kwa kufundisha watu kutokaa tundu moja kutwa. Toboa, angalia, hama. Angekaa na ujuzi wake kimya, mngekuwa bado mmekalia ndoo mkitetemeka.

Na wale samaki wanaoitwa wolai wa Red Lake, ziwa la hapa Minnesota, waliisha miaka ya 1990, kabla sona hizi hazijazaliwa. Walivuliwa kupita kiasi, mpaka 1999 uvuvi wao ukasimamishwa, ukafunguliwa tena 2006. Kilichosaidia kuwarudisha ni watu kukubali kukaa bila kuvua.

Ila kwa mashindano, hapo nakubali ibanwe. Major League Fishing, waandaaji wa mashindano ya uvuvi Marekani, 2025 waliruhusu sona hizi kipindi kimoja tu kati ya vitatu kwa siku. Ukishindania pesa, anayeweza kununua mashine ya bei hiyo amekutangulia kabla hujatoka nyumbani.

Ndoo Tupu

Mimi ninayo hiyo sona na bado narudi mikono mitupu. Nawaona kabisa, wanakuja, wananusa, wanaondoka. Mke wangu anaita televisheni ya dola elfu mbili. Ipigeni marufuku nipate kisingizio.

Fundi Mtaimbo

Mnabishana juu ya kioo, mimi nina mawili. Mkerewe, kabla ya kuwatolea hiyo mashine, uliwafundisha wageni kusoma barafu? Inchi 4 za barafu safi ndiyo mtu atembee. Pikipiki ya theluji inataka 5 hadi 7. Pikapu ya kawaida, 13. Ikiwa nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, zidisha mara mbili. Na mtaimbo mkononi: unagonga mbele kabla ya kupiga hatua, ukipenya kwa pigo moja unageuka na kurudi kwa nyayo zako. Misumari ya kujivutia ukitumbukia inaning'inia shingoni, siyo ndani ya begi. Anayesema tusifundishane, aniambie mgeni atayajuaje haya.

La pili. Hao krapi walikuwa kina gani? Kibofu chao cha hewa hakitoi pumzi haraka. Ukimvuta kutoka kwenye futi 30 na zaidi kinavimba, na ukimwachia wengi hawaishi.

Mkerewe wa Minnesota

Fundi, barafu niliwafundisha, asubuhi nzima. Mtaimbo ulikuwa mmoja, walipokezana.

Hilo la pili umenishika. Futi 36. Tulipotimiza kumi kumi hatukuacha. Vijana walikuwa wamenogewa, nikawaambia endeleeni, mkipata mwachieni. Mmoja alitoka na utumbo umechungulia mdomoni kama puto la waridi. Kijana alimshusha kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Samaki akapinduka, akaelea tumbo juu, akaenda kujibana chini ya barafu pale ukingoni mwa tundu. Nikamwambia amechoka tu, atazinduka. Nilijua siyo kweli. Tuliachia kama thelathini hivi, na wengi niliwaona kwenye kioo wakishindwa kushuka. Hiyo sona iliyonionyesha walipo ilinionyesha na hayo, nikageuza kidude upande mwingine.

Kwa hiyo ile "kumi ni kumi" naifuta. Marufuku bado sikubali. Ila kule kwenye kina kirefu sitampeleka mtu tena kujifunza, tutakaa futi 20 kurudi juu, na mtu akitimiza zake anakunja mshipi, anakuwa mpika chai.

Dada wa Kigoma

Na hao watakaojifunza kwako, Jumamosi ambayo wewe hupo?

Mkerewe wa Minnesota

Hapo sina jibu, dada yangu.

Mzee nilimpigia mara mbili hakupokea. Nikamwandikia kwamba tunakwenda tena wikendi, ghuba ya maji mafupi, kioo kitabaki garini, na nimemwomba yeye ndiye awaonyeshe vijana. Amejibu sasa hivi, maneno manne: "Barafu ni inchi ngapi?"