Naomba ushauri: chumvi ukutani na nyaya za sola, Mji wa Kale

Assalam aleikum ndugu zangu. Tunakarabati nyumba ya marehemu babu hapa Mji wa Kale, kuta za mawe ya matumbawe, dari ya boriti za mikoko. Fundi wa kwanza alipiga plasta ya saruji. Imevimba, inabanduka mapande, na nyuma yake chumvi nyeupe kama unga. Saruji hufungia unyevu ndani, sawa. Tumeibandua upande mmoja tukapiga chokaa na mchanga. Juu imeshika vizuri, chini chumvi yachomoza tena.

Je, ukuta uachwe wazi muda gani kabla ya kupiga chokaa? Na nyaya za sola (vijana wameshikilia hilo) zipitishwe wapi bila kutoboa boriti wala fremu ya mlango wa nakshi?